Mguu Unauma, Vipimo Havionyeshi Kitu: Pa Kuanzia

Kuna maumivu yasiyohitaji maelezo. Umeanguka na bodaboda, goti limevimba, picha imeonyesha ufa. Hapo kila mtu anakuelewa na pole unapewa. Mwongozo huu ni wa maumivu ya aina nyingine, yale yanayoingia na kutoka bila hodi. Wiki hii goti la kulia, mwezi ujao paja, kisha unakaa mzima hadi unasahau, halafu asubuhi moja unashuka kitandani huku umeshika ukuta. Zahanati walikupa diklofenaki. Hospitali ya wilaya picha ilitoka safi. Jirani anasema unywe maji ya bamia, shangazi anasema umekanyaga kitu ulichotegewa, na daktari wa mwisho kakwambia huna tatizo.

Tatizo unalo. Kipimo kikitoka safi kimejibu swali lake tu. Picha ya mfupa haioni neva iliyobanwa kiunoni, haioni msuli wa paja uliodhoofu, haioni damu isiyofika sawasawa kwenye kigimbi. Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa wakati mmoja: yachunguze maumivu yako mpaka uujue mwendo wake, na anza kuujenga mguu sasa, ugonjwa uwe umepata jina au haujapata. Wanaokaa miaka wakisubiri jina kwanza hufika wakiwa na paja jembamba na goti bovu zaidi ya walivyoanza.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Kabla ya daftari na kabla ya mazoezi, jikague. Ukijiona katika mojawapo ya haya, nenda hospitali leo, usingoje Jumatatu.

Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji, kujifungua au kulala kitandani siku nyingi. Damu huenda imeganda ndani ya mshipa. Azima futi ya fundi cherehani. Chini ya pia ya goti kuna kinundu cha mfupa. Shuka sentimita 10 kutoka hapo, zungushia futi, kisha pima mguu wa pili mahali pale pale. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni moja ya alama ambazo madaktari huzihesabu wanaposhuku damu iliyoganda. Tofauti ikiwa ndogo na dalili nyingine zipo, nenda vilevile. Usikubali mtu auchue mguu huo. Pumzi zikianza kukatika au kifua kikichoma, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Goti limevimba ghafla, linawaka moto, una homa na huwezi kulikanyagia. Kiungo chenye usaha kinaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Ganzi katika sehemu za siri na makalio, pale tandiko la baiskeli linapogusa, pamoja na mkojo kukataa au kutoka wenyewe, au miguu kuishiwa nguvu. Hapo neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na kila saa ina thamani.

Maumivu ya usiku yasiyojali umelala upande gani, yakiambatana na kukonda, homa za jioni au jasho la usiku, hayahitaji safari ya leo usiku lakini yanahitaji ya wiki hii. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Hushambulia uti wa mgongo, nyonga na goti pia, tena polepole.

Watoto nao wana kanuni zao. Maumivu ya ukuaji huja jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anaamka anakimbia. Mtoto anayechechemea mchana, anayelalamikia mguu mmoja tu, au kijana mwenye uvimbe mgumu karibu na goti, huyo hana maumivu ya ukuaji mpaka daktari aseme. Na mtoto akilalamikia goti, nyonga ipimwe pia, kwa sababu magonjwa ya nyonga ya watoto yana tabia ya kuuma gotini. Mtoto au kijana mwenye maumivu makali ya mifupa yanayojirudia apimwe selimundu kama hajawahi kupimwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na wengine hugundulika wakiwa wakubwa baada ya miaka mingi ya kuambiwa ni malaria au baridi.

Hatua ya pili: fungua daftari

Daktari wa kliniki iliyojaa hatakuwa na muda mrefu na wewe. Ukimwambia "miguu inauma, huku na huku, siku nyingi", atakuandikia dawa ya maumivu, na simlaumu. Ukimpa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, mazungumzo yanabadilika.

Daftari la shule la mistari linatosha. Andika kila jioni kwa wiki tatu au nne, hata siku ambazo hapaumi, maana siku nzuri nazo zinasema kitu. Mistari yenyewe iwe mifupi hivi:

"Jumanne. Goti la kushoto, mbele. 6 kati ya 10. Lilianza nikishuka ngazi kazini, kupanda halikuuma. Jioni nimekaa kwenye daladala muda mrefu, kulinyoosha ikawa shida. Usiku nimelala vizuri."

"Jumatano. 2. Nimefua nguo nimeinama, kiuno kimekaza. Mguu wa kushoto ganzi mpaka kidole gumba."

"Alhamisi. 0. Sikutoka."

Umeona Jumatano? Mtu huyo alikuwa akisema goti, lakini ganzi ya kushuka hadi kidole gumba haianzii gotini.

Kila mara taja mahali kwa kidole kimoja kama unaweza: mbele ya goti, ndani, nje, uvungu, kigimbi, ugoko, paja, kinena. Andika aina ya maumivu kwa maneno yako mwenyewe: yanachoma, yanavuta, yanapwita, yanatambaa, yanakata kama wembe. Andika ulichofanya siku hiyo na siku iliyotangulia, kwa sababu goti lina tabia ya kulipiza kesho. Wanawake waandike na siku za hedhi.

Kwenye ukurasa wa mwisho orodhesha dawa zote unazotumia, pamoja na ulizotumia miezi michache nyuma. Zipo dawa zinazoumiza miguu. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kuunguza neva za miguu mtu asipopewa vitamini B6. Metformini ya kisukari, ikitumika miaka mingi, hushusha vitamini B12. Dawa za kupunguza kolesteroli huumiza misuli ya baadhi ya watu. Siprofloksasini, ambayo huku kwetu watu huinunua dukani kama peremende, inaweza kuumiza kano, hasa ile ya kisigino. Na vidonge vya kukojoza vya presha vinaweza kupandisha asidi ya yuriki, ambayo ndiyo mama wa jongo. Usiache dawa yoyote kwa kusoma hapa. Ipeleke orodha kwa aliyekuandikia.

Hatua ya tatu: lisome

Baada ya wiki kadhaa kaa na daftari ujiulize maswali machache. Hutajipa jibu la mwisho, ila utajua uelekee mlango gani.

Swali la kwanza: ukiamka, goti linachukua muda gani kulainika? Likikaza dakika chache kisha likafunguka, halafu likauma kadiri siku inavyokwenda, hiyo ni sura ya gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) linalochakaa, au ya goti lililobebeshwa kuliko nguvu za misuli yake. Likikaza saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono vinakaza pia au vimevimba, fikiria baridi yabisi na wenzake, ambako kinga ya mwili inashambulia viungo. Huyu asicheleweshwe. Dawa za kuzuia uharibifu zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Swali la pili: unapotembea mpaka mguu ukakusimamisha, nini kinakupa nafuu? Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu halina gharama na linatenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Tuseme unatoka stendi kwenda nyumbani, katikati ya njia vigimbi vinabana. Ukisimama tu wima, ukajifanya unaangalia mitumba, na baada ya dakika chache maumivu yakaisha, shuku mishipa ya damu iliyosinyaa, hasa kama unavuta sigara, una kisukari au presha, au nyayo zako ni za baridi na vidonda vyake haviponi. Lakini kama kusimama hakusaidii, mpaka uketi au uinamie ukuta wa mtu, na ajabu ni kwamba ukiendesha baiskeli au ukisukuma toroli mgongo ukiwa umeinama unakwenda mbali bila shida, basi tatizo huenda liko kiunoni, kwenye njia ya neva iliyobana. Mtu wa namna hii anaweza kupigwa picha za goti mara nyingi na zote zikatoka safi, kwa sababu goti lake halina kosa.

Swali la tatu: unakata vipi kucha za miguu? Anayeshindwa kuuleta mguu juu ya goti la pili, huku kinena kikimvuta, akapimwe nyonga. Nyonga iliyochakaa hupeleka maumivu mbele ya paja na gotini, na wapo ambao kwao huuma gotini tu.

Maumivu yanayoshuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, yanayozidi ukikohoa au ukikaa kwenye basi la mkoani, yatafutwe kiunoni. Yanayowaka na kuchoma nyayo zote mbili usiku, kama umevaa soksi za pilipili, ni ya neva: pima sukari, B12, na uwe mkweli kuhusu pombe. Miguu isiyouma hasa ila inakukosesha raha jioni, ukilala inataka kutikiswa, ukiinuka kutembea inatulia, ina ugonjwa wake unaojulikana, na mara nyingi akiba ya madini ya chuma iko chini. Wajawazito huupata sana. Punguza chai na kahawa wakati wa kula, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Maumivu ya mbele ya goti yanayozidi ukishuka ngazi, ukichuchumaa, au ukikaa umekunja goti muda mrefu, kwa kijana ambaye goti halivimbi, kwa kawaida hutoka pale pia ya goti inapokutana na mfupa wa paja. Dawa yake ni hatua ya tano, wala si sindano.

Jongo huja tofauti. Mtu analala mzima, usiku wa manane anaamshwa na kidole gumba cha mguu au goti limevimba na hata shuka haligusiki. Baada ya wiki moja au mbili limepoa kama halikuwahi kuwepo. Wanaume huliita la nyama choma na bia, na kweli vinachangia, ila urithi na figo vina sehemu kubwa. Jambo la kujua: asidi ya yuriki ikipimwa katikati ya shambulio inaweza kusoma sawa. Rudia kupima wiki kadhaa baadaye, au bora zaidi, goti likiwa limejaa maji, yachotwe yaangaliwe kwa hadubini kama yana fuwele.

Halafu kuna chikungunya, ambayo watu wa Pwani hawapaswi kuisahau. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, na umerudi kwa kishindo mara kadhaa: Lamu mwaka 2004, Mombasa mwisho wa 2017 hadi 2018. Homa huisha baada ya siku chache, lakini viungo vinaweza kuuma kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Kama magoti yako yalianza baada ya homa kali iliyoangusha nusu ya mtaa, mwambie daktari hivyo hivyo.

Hatua ya nne: omba vipimo vyenye sababu

Vipimo vya damu vya kuanzia si vingi wala si vya ajabu: picha kamili ya damu, sukari, kipimo cha uvimbe mwilini (ESR au CRP), figo, na asidi ya yuriki kama sura ni ya jongo. Ongeza vitamini D kama unashinda ndani, maumivu ni ya mifupa ya ugoko na mapaja, na kuinuka sakafuni kumekuwa kazi. Ndugu zetu walio Ulaya wakati wa baridi, na wanaoshinda kwenye viyoyozi kule Ghuba, wasidhani hili haliwahusu.

Eksirei ya goti ipigwe ukiwa umesimama. Ukiipiga umelala nafasi ya gegedu inaweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Muulize mpiga picha, hakuna ubaya.

MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha hadi nyama laini za ndani, ni suala jingine. Ni ghali, na watu huiamini kama kiapo. Huko Framingham, Massachusetts, watafiti waliwapiga MRI watu 991 wa miaka 50 hadi 90 waliochukuliwa kutoka kwenye jamii, si hospitalini, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kati ya waliokutwa na mchaniko wa gegedu la ndani ya goti, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote mwezi uliotangulia. Yaani mtu anaweza kuwa na mchaniko kwenye picha na maumivu gotini, na viwili hivyo visijuane. Kwa hiyo kabla ya kukopa hela ya MRI uliza: "Daktari, majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu?" Akiwa na jibu, kipige. Goti linalokwama lisikunjuke, linaloachia ghafla ukaanguka, au linaloshukiwa uvimbe mbaya, linastahili.

Hatua ya tano: jenga mguu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu hakuna kidonge. Goti lisilo na jina la ugonjwa, goti lililochakaa, goti la kijana linalouma kwenye ngazi, yote yanapata nafuu misuli ya paja na makalio ikipata nguvu. Ukiweza kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia hata mara moja au mbili, nenda, akuone unavyotembea. Usipoweza, anza hivi.

Zoezi mama ni kukaa na kuinuka. Tafuta kiti kigumu cha kulia chakula, si sofa, ukiegemeze ukutani kisikimbie. Kaa ukingoni, nyayo zako ziwe upana wa mabega. Kunja mikono kifuani. Inama kidogo mbele, inuka, kisha rudi chini taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu. Kushuka ndiko kunakojenga, usijiangushe. Angalia magoti yako yanaelekea wapi: yafuate vidole vya miguu, yasibusiane katikati. Ukishindwa, weka mto mgumu juu ya kiti ili kimo kipande, au jisaidie kwa mikono, na wiki zijazo upunguze. Mara 8 hadi 10, pumzika, rudia mara mbili. Fanya siku moja, ruka moja.

Ongeza mengine mawili au matatu. Lala chali, weka kanga iliyoviringishwa chini ya goti, ulisukume chini ukiibana kwa sekunde 5, mara 10. Ukiwa chali bado, kunja magoti na kuinua kiuno juu, ukibana makalio. Mwisho shika sinki au dirisha uinuke kwa vidole, visigino juu, ushuke polepole. Pamoja na hayo tembea kila siku, umbali ambao mguu umeshazoea, ukiongeza kidogo kila wiki.

Kipimo cha kujua kama umezidisha: wakati wa zoezi, maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 yanavumilika. Kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yasiporudi, punguza idadi, lakini usiache. Nafuu ya kweli huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wengi huacha wiki ya pili, wiki ambayo misuli inauma na goti bado halijasema asante.

Kama uzito umezidi, hesabu yake inatia moyo kuliko mahubiri tunayopewa: kila kilo moja unayopunguza hupunguza takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Kilo tano tu zinaonekana.

Hatua ya sita: siku mbaya

Zitakuja, hata mambo yakienda vizuri. Punguza mwendo, usilale kutwa. Goti lililovimba na kupata joto lipoze kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi. Lililokaza bila kuvimba lipe kitambaa cha maji ya moto. Mwenye kisukari na ganzi ya miguu asitumie kimojawapo bila mtu wa kumgusia joto, maana ataungua bila kujua.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima. Kushuka tanguliza unaouma.

Dawa: parasetamoli ya miligramu 500 haizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na pungufu ya hapo kwa mwembamba, mnywaji wa pombe au mwenye ini bovu. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu ni ukoo mmoja. Kumeza mbili kwa pamoja hakuongezi nafuu, kunaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito wa kuanzia wiki 20, aziepuke mpaka daktari aamue. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini ni salama zaidi kwa sababu ni kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Ile sindano ya takoni inayoombwa kwa bidii zahanati haina nguvu ya pekee kuliko kidonge, na ikichomwa pasipo yenyewe hujeruhi neva kuu ya mguu, ukaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Nyumbani rekebisha vitu vidogo. Kigoda na mbuzi ya nazi vinakunja goti hadi mwisho. Wiki za maumivu nazi ikune ukiwa mezani, au mpe mwingine. Choo cha kuchuchumaa kinaweza kuwekewa kiti chenye tundu, mafundi wa mbao wanavitengeneza. Anayeswali ana ruhusa ya kuketi kwenye kiti akiwa na udhuru, hana haja ya kulilazimisha goti sijda. Anayesimama kazini, mlinzi au mama lishe, abadilishe mguu na aketi kila apatapo mwanya. Viatu vilivyolalia upande mmoja vitupe, hata kama juu bado vinang'aa.

Hatua ya saba: linda mfuko wako

Maumivu yasiyo na jina ni soko. Maji ya bamia hayaingii gotini. Utelezi wake huishia tumboni kama chakula kingine, na ute wa goti hutengenezwa na utando wa goti lenyewe. Kula bamia kwa sababu ni tamu. Supu ya kongoro vivyo hivyo, ila mwenye jongo asiifanye dawa.

Kuwa mkali kwa vidonge vya "asili" vinavyoondoa maumivu kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Deksamethasoni kweli inatuliza, lakini ukiitumia miezi mingi bila kujua inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na kuiacha ghafla kunaweza kuangusha mtu. Kama umekuwa ukimeza kitu cha namna hiyo na uso umeanza kuwa wa duara, usikiache ghafla. Kipeleke hospitali na kopo lake.

Sindano ya steroidi ndani ya goti husaidia kwa wiki kadhaa, si tiba ya kudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili: gegedu lao lilipungua zaidi ya wale waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Sindano za "grisi", zile za kulainisha goti, bei yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na upasuaji wa kuosha goti kwa kamera ulishajaribiwa Houston, Texas, kwa wagonjwa 180 waliokuwa na magoti yaliyochakaa, baadhi wakichanwa ngozi tu kisha kushonwa. Matokeo yalitoka mwaka 2002, na waliooshwa kweli hawakuwashinda waliochanwa ngozi tu.

Kuhusu kutegewa, sigombani na shangazi wa mtu. Dua na maombi vifanye, vinatuliza moyo. Ila anayekutaka uache dawa za sukari, au anayechanja mguu wenye ganzi au uvimbe, mkatalie kwa adabu.

Hatua ya nane: ukifika miezi mitatu

Kama umefanya yote na bado jina halijapatikana, zungumzia mfumo wa maumivu wenyewe. Mwaka 2017 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa maumivu, IASP, iliyatambua rasmi maumivu yasiyotokana na kidonda wala neva iliyokatika, bali na mfumo wa fahamu uliozidisha ukali, kama kengele ya gari inayolia hata paka akipita. Dalili zake ni maumivu yanayohama, uchovu, usingizi usioburudisha, na mwili kuumia kwa kuguswa kidogo. Hayo si ya kubuni wala si wazimu. Yanatibiwa kwa mazoezi ya polepole, kulala kwa saa zinazofanana, kushughulikia msongo au huzuni, na wakati mwingine amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, kwa maagizo ya daktari.

Kama dalili mpya zimeongezeka, rudi na uombe rufaa. Tanzania kuna taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Kenya kuna Kenyatta na hospitali kuu ya Pwani kule Mombasa. Fuata mtiririko wa rufaa ili bima ikubali. Beba picha za zamani zote, siyo majibu ya maandishi tu. Ukiingia chumbani usianze na historia ya miaka yote. Fungua daftari uweke mezani, useme: "Daktari, linauma hapa, linaanza nikifanya hivi, linatulia nikifanya vile, na tangu mwezi wa tatu hili ndilo limebadilika. Naomba unikague kiuno na nyonga pia, siyo goti tu."